Tawi la Njiapanda ya Majivu

Nimestaafu tangu masika yaliyopita, ingawa magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Masunga na wenzake waliobaki kazini wamenisumbua niandike jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi. Wanasema wageni wa siku hizi wanakuja na ramani ndani ya simu, na hata waongozaji wenyewe wameanza kuamini kwamba simu inatosha. Basi naandika. Mwenye kutaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa kiasi gani aulize kwingine. Hayo yako kwenye faili na hayana ladha.

Kwa asiyenijua, naitwa Kabula, mzaliwa wa Zagayu, na kwa miaka thelathini kasoro michache kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma. Kwenye msafara wa mlimani yuko mwongozaji anayetangulia, ambaye wageni humpiga picha na kumkumbuka, na yuko mwongozaji wa mwisho kabisa, ambaye hakuna anayemwona kwa sababu wote wamempa mgongo. Mimi nilikuwa huyo wa mwisho. Wenzangu walinibatiza Mama Mkia. Mwanzoni nilinuna. Leo mtu akiniita hivyo sokoni Bariadi nageuka upesi kuliko akiniita jina langu.

Mlima wenyewe uko kwenye nyanda za juu za volkano, ng'ambo ya mbuga, safari ya kutwa nzima kwa basi linalopita Lamadi na kukata Serengeti. Sisi tuliuita Mzunguko, kwa kuwa njia yake huanza getini na baada ya siku tatu hukurudisha getini pale pale. Siku ya kwanza unapanda msituni hadi ukingo wa kreta, na upupu unakuwasha kila unaposhika mahali bila kutazama. Siku ya pili unafuata ukingo, ziwa liko chini kabisa upande wa kulia, halafu unavuka uwanda wa majivu ambako kila hatua mbili unarudi moja. Siku ya tatu unashuka kwa masaa saba, na hapo ndipo waliojisifu wakati wa kupanda wanapoanza kuomba fimbo.

Nilifika kule kumfuata shangazi yangu aliyekuwa anapika kwenye kambi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimevaa katambuga za matairi na kanga mbili, nimebeba sufuria. Kiongozi wa misafara alikuwa Mzee Tluway, Mwiraqw mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alinitazama nikipanda na sufuria kichwani bila kuhema, akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilichunga, kwa sababu baba hakuwa na mtoto wa kiume mwenye umri wa kuchunga. Akauliza wachungaji wa kwetu hutembea wapi.

"Nyuma," nikamjibu. "Nikiwa mbele nitamwonaje anayebaki?"

Hakucheka wala hakunisifu. Kesho yake sufuria ilibebwa na mtu mwingine na mimi nikapewa filimbi.

Sasa nieleze habari ya tawi, maana ndiyo roho ya kazi yetu na ndiyo niliyoahidi kuandika. Kwenye Mzunguko njia inagawanyika mahali patatu. Mgawanyiko mbaya kuliko yote uko mwisho wa uwanda wa majivu, tunapaita Njiapanda ya Majivu. Njia ya kulia ndiyo yetu. Ya kushoto imekanyagwa vizuri zaidi, pana, inavutia, lakini ni ya nyati, na inateremka hadi kwenye msitu wao. Mwongozaji wa mbele akifika pale hukata tawi na kulilaza juu ya njia ya kushoto. Hata mgeni asiyejua Kiswahili huelewa kwamba pale pamefungwa. Kisha anaendelea na wageni wake nusu saa hivi, hadi kwenye mwamba mkubwa wa kupumzikia, na hapo anangoja. Mtu wa mwisho akishahakikisha wote wamepita njiapanda, analiokota tawi na kulipeleka mwambani. Wa mbele akilipokea, analitupa, msafara unaondoka. Asipolipokea haondoki, hata mvua inyeshe, hata mgeni alalamike. Na harudi nyuma mpaka asikie filimbi, maana akirudi anaacha kundi alilo nalo halina mwenyewe. Ndiyo sheria yote. Haikuandikwa popote mpaka leo, na naona fahari kwamba imeandikwa na mimi.

Miaka miwili ya kwanza niliifuata bila kosa, na hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa na mbinu niliyotoka nayo nyumbani. Baba alikataza kuhesabu ng'ombe kwa kidole. Ulitakiwa umjue kila mmoja kwa rangi yake, na jioni ukitazama zizi mara moja unajua nani hayupo. Nikawafanyia wageni vivyo hivyo. Asubuhi niliwatazama makoti yao: mwekundu, bluu mwenye madoa, kijani, mweusi mwenye mkanda mweupe. Nilijiona mjanja kuliko waongozaji wenzangu waliokuwa wanahesabu moja, mbili, tatu na kujichanganya.

Ndipo likaja kundi la kwanza kutoka kwetu, walimu na watumishi kumi na mmoja wa Bariadi, wamechangishana nauli wakaja likizo. Nilifurahi mno. Nilimsalimu kila mmoja "mwangaluka" hata wale wa mikoa mingine ambao hawakujua wajibu nini. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Zuhura, mwenyeji wa Tanga aliyepangiwa kufundisha sekondari Bariadi, mcheshi, amevaa koti jekundu na viatu vya kuazima vilivyomzidi. Alikuwa anaburuta kisigino cha kushoto. Nilikiona kisigino hicho kwa siku mbili nzima na sikukitilia maanani, kwa sababu nilikuwa nashughulika na koti.

Kwenye uwanda wa majivu baridi ikawa kali. Mwenzake mmoja akaanza kutetemeka, Zuhura akamvua sweta lililolowa na kumvika koti lake jekundu. Mimi nilikuwa nyuma, namfunga mtu mwingine kamba ya kiatu, sikuona. Baadaye Zuhura akaenda nyuma ya jiwe kujisitiri, na hilo nalo sikuliona. Nikafika njiapanda, nikatazama mbele, nikaona wekundu unapanda njia yetu, na wengine wote mbele yake. Nikajiambia zizi limejaa. Nikaokota tawi.

Ng'ombe habadilishani ngozi na mwenzake. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilimkabidhi Mzee Tluway tawi kule mwambani. Alikuwa ameinua mkono kulitupa, akasita, akawapitia watu kwa macho, kisha akanirudishia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa ili wageni wasisikie: "Hili bado hujaniletea."

Sijawahi kukimbia vile tena. Nilirudi njiapanda na tawi mkononi, nawaza nyati na kuwaza nitakavyorudi kwetu kuwaambia watu nimepoteza mwalimu wa watoto wao. Njia ya kushoto ilikuwa wazi, imetulia, inavutia kama siku zote. Nikainama. Na pale kwenye majivu kilikuwepo kile kisigino cha kushoto, kimeburutwa, kimeacha mfereji mdogo kila hatua. Majivu yale hushika alama ya kiatu vizuri kuliko udongo wowote ninaoujua. Nilikifuata kisigino kuteremka mpaka mwanzo wa msitu, ambako kinyesi cha nyati kilikuwa bado kinatoa mvuke.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe, amevua viatu, anakula chapati iliyobaki. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika kama anavyokasirika mwalimu aliyekuta darasa halina watu. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mwongozaji wa mbele alituambia penye tawi tusipite," alisema. "Hapa hapakuwa na tawi, Kabula. Njia ilikuwa wazi, nikaifuata."

Nilikuwa nimelishika tawi mkononi mbele yake. Nilimfunga viatu vyake kwa mpira wa tyubu visiburuzike, tukapanda pamoja, na tulifika mwambani jua likiwa bado juu. Mzee Tluway alimpa mwalimu chai, akamuuliza anaendeleaje. Nilipomnyoshea tawi mara ya pili alikataa kulipokea.

"Lako hilo," alisema. "Usilitupe."

Nililibeba mpaka getini siku iliyofuata, masaa saba ya kuteremka. Nilitarajia kwamba pale getini ataniambia nirudi jikoni. Bosi wa kampuni ya misafara alikuwa anangoja ripoti. Mzee aliniashiria nieleze mwenyewe, nikaeleza yote, kuanzia koti. Bosi akauliza sasa nani atakaa nyuma safari ijayo. Mzee Tluway alikuwa anafungua kamba za punda wa mizigo, hata hakugeuka. Akasema atakaa Kabula. Na Mwalimu Zuhura, aliyekuwa na haki ya kunilalamikia kuliko mtu yeyote, akasema yeye akirudi hatapanda na mwingine.

Tangu siku hiyo niliacha kutazama makoti. Nilianza kutazama visigino. Kila asubuhi, kabla hatujaondoka, niliwaongoza wageni wapite kwenye majivu ya jikoni tuliyoyatandaza njiani, mmoja mmoja, na nilisimama pembeni kama nimesahau kitu. Wao walidhani ni mila fulani ya mlimani. Mzungu mmoja aliandika kwamba ni baraka. Sikumsahihisha. Nilikuwa najifunza nyayo: huyu soli imeliwa upande wa nje, huyu wa ndani, huyu anakanyaga kwa vidole kama anavizia. Jioni ningeweza kukuambia nani alipita wapi, nani alisimama, na nani alienda kujisitiri akidai anapiga picha. Hakuna simu inayofanya hivyo. Najivuna, ndiyo, na nimezeeka vya kutosha kujivuna hadharani.

Kuhusu vifaa sina mengi. Filimbi, fimbo, chumvi, sindano nene na uzi wa nailoni, na mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu. Mpira huo nausifu kuliko vyote. Nimeona viatu vya bei ya ng'ombe vikifunua soli siku ya pili kama midomo ya samaki, na mwenye viatu anatazama chini haamini. Unazungusha mpira mara nne, unafunga fundo juu ya mguu, anafika. Mimi mwenyewe nilihama kutoka katambuga baada ya miaka mitatu, na sina hakika kama nilifanya vizuri.

Kesi ngumu zilikuwa za watu wakubwa. Mtu mdogo akiumwa na kichwa kwa sababu ya urefu wa mlima anasema. Mkubwa hasemi. Namkumbuka mkuu wa idara mmoja kutoka ofisi mpya za Lagangabilili, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, alikuja na vijana wake wa ofisini. Asubuhi ya siku ya pili niliona nyayo zake zinayumba. Kwenye Mzunguko mtu lazima aamue kabla ya njiapanda ya pili, kwa sababu ukishaivuka, kurudi na kuendelea ni umbali ule ule. Nikamsogelea nikamwomba anitajie majina ya watoto wake. Alisema anao wanne, akataja wawili, akaanza kukasirika. Ilibidi ashuke mara moja, na nilijua nikimwambia anaumwa mbele ya vijana wake atapanda mpaka adondoke. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kuna punda mgonjwa anayetakiwa kurudishwa getini, na punda yule hakubali kushuka bila mtu mzima mwenye busara kando yake. Alikubali papo hapo. Alishuka na punda mzima wa afya pamoja na mwongozaji mmoja, na kila hatua akawa anampa punda pole. Jioni aliyakumbuka majina yote manne. Nasikia mpaka leo anasimulia jinsi alivyookoa mnyama.

Mzee Tluway aliacha kazi kabla yangu kwa miaka mingi. Aliondoka kama alivyoishi, bila sherehe, alinipa fimbo yake akapanda gari. Baada yake wa mbele walibadilika mara nyingi, wa nyuma nikabaki mimi. Mara mbili nilitakiwa nihamie mbele nikakataa, na baadhi ya wenzangu walidhani naogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nimeshajua kazi iko wapi.

Masunga alikuja miaka ya mwisho, kijana wa Lamadi, nyumba ya wachuuzi wa samaki, maneno mengi, miguu mizuri. Alitaka mbele tangu siku ya kwanza. Nilipomfundisha visigino alisikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja hotuba iishe. Aliniambia wazi, "Mayu, mimi nyuma nitalala usingizi." Kwetu mayu ni mama, kwa hiyo hata akikutania unashindwa kumkasirikia vizuri. Nilimfundisha hivyo hivyo, misimu minne, tawi baada ya tawi, nikiwa nasimama naye njiapandani. Peke yake sikuwahi kumwacha.

Safari yangu ya mwisho walitaka nikae kitako punda anibebe. Nilikataa, nikasema nitaenda mbele kwa mara moja maishani, na Masunga atakaa nyuma. Alikunja uso kidogo. Bosi wa sasa aliniuliza pembeni kama nina hakika. Nilimwambia ninayo, na huo ulikuwa uongo. Nilikuwa naondoka, na kama yule kijana hakuwa amelielewa tawi, basi miaka yangu yote ilikuwa imeishia kwenye magoti yangu, na mtu fulani siku fulani angeteremka kwa nyati akiwa na njia iliyo wazi mbele yake.

Wageni walikuwa kumi na mmoja tena, safari hii wafanyabiashara na wauguzi wa Bariadi. Njiapanda ya Majivu tuliifikia saa sita, ukungu unaanza kutambaa. Nilikata tawi, nikalilaza kushoto, nikaendelea na saba waliokuwa karibu nami. Tukafika mwambani. Baada ya robo saa wakaja wengine watatu. Wakasema Masunga yuko nyuma anakuja na mmoja aliyebaki.

Nusu saa ikapita. Ukungu ukatufunika. Saa nzima ikapita. Muuguzi mmoja, mwanamke mwenye akili zake, alisema njia inaonekana, tungeweza kwenda pole pole watatukuta. Mwingine akauliza kwa nini nisirudi kuwatazama. Niliwaambia hatuondoki na sirudi. Niliwaambia kwa sauti ya mtu anayejua. Filimbi haikusikika. Nilimjua Masunga: angeweza kuwa mzima kabisa na mwenye kiburi cha kutopuliza. Nilitaka kukimbia kama nilivyokimbia siku ile. Nilielewa, baada ya miaka yote hiyo, Mzee Tluway alikuwa amekaa na nini kifuani wakati mimi nikiwa kwa nyati, akiwamiminia watu chai.

Kwanza tulisikia mawe yanateleza. Kisha akatokea Masunga, amemshika mkono mwenye duka mmoja wa Bariadi, mzee mkimya wa Kiislamu ambaye hakuwa amesema neno tangu getini. Mzee alikuwa amejifunga koti la kijani la Masunga, na Masunga mwenyewe alikuwa na fulana tu, midomo imebadilika rangi. Waliowaona kwa mbali walikuwa wamesema mwongozaji anakuja peke yake, maana ukunguni waliona koti lake tu.

Masunga alieleza akiwa anahema. Mzee alimwomba atangulie kidogo ili yeye ajisitiri, naye akatangulia hadi njiapanda, akangoja, kisha akasikia hatua na mtu akampita kwenye ukungu, akaitikia salamu. Akadhani ndiye. Alikuwa mchungaji wa kule, mwenye njia yake. Masunga akainama kuokota tawi.

"Mkono ulikuwa umeshaligusa, Mayu," alisema. "Nikatazama chini. Nyayo zilikuwa za katambuga."

Akaliacha tawi pale pale, akarudi kwenye majivu. Alimkuta mzee amekaa nyuma ya jiwe, kichwa kinazunguka, hawezi kusimama wala kuita. Alipuliza filimbi mara tatu, upepo ulikuwa unatoka kwetu ukaichukua. Akamvika koti, akamnywesha maji ya chumvi, akangoja naye hadi miguu ikubali. Walipopita njiapanda, tawi lilikuwa bado limelala kushoto.

Alininyoshea. Lilikuwa tawi la kawaida, bichi, lina majivu kwenye majani. Nilimuuliza kama wote wamepita. Akasema wote wamepita. Nikamwambia "wabeja," asante ya kwetu. Nikalitupa tawi kichakani kama inavyotakiwa, tukamteremsha mzee taratibu tukimpumzisha, na akafika getini akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mwalimu Zuhura hakuhama Bariadi, amestaafu naye, nyumba yake na yangu zinatazamana. Nimempa asome haya. Amesema chapati zilikuwa mbili na kwamba sikukimbia haraka kama ninavyodai. Halafu akanyanyua macho juu ya mlango wangu wa mbele, ambako lile tawi la kwanza limening'inia, kavu, halina jani hata moja, akauliza nitalitupa lini. Nimemjibu kwamba sijaruhusiwa.